Mwanga wa kimulimuli maabarani: Namna ya kupata vipimo vya kuaminika

THIKA na Ruiru, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu inayounganishwa na Barabara Kuu ya Thika, ni ngome ya viwanda vya maziwa, vyakula na vinywaji. Kati ya miji hiyo, mjini Juja, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT). Ruiru nako ndiko yaliko makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, ambako aina ya kahawa ya Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985.

Katika eneo kama hili, swali la iwapo bomba la maziwa limesafishwa ipasavyo huhitaji jibu la haraka. Njia ya kuotesha bakteria huchukua siku moja au zaidi, ilhali maziwa hayasubiri. Kipimo cha mwanga unaozalishwa na kemikali, yaani luminesensi, hutoa jibu kwa dakika chache. Hata hivyo, mashine husoma chochote inachopewa, na tarakimu ya uongo huchapishwa kwa unadhifu ule ule wa tarakimu ya kweli.

Asili ya mwanga huo

Chembe zote hai zina kemikali ya nishati inayojulikana kama ATP. Mwaka wa 1947, mwanasayansi William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alionyesha kwamba mwanga wa kimulimuli hauwaki bila ATP. Kimeng'enya cha mdudu huyo, lusiferesi, huunganisha lusiferini, oksijeni na ATP, na matokeo yake ni mwanga wa manjano unaoelekea kijani. ATP ikizidi, mwanga nao huzidi.

Mashine inayotumika kuupima husoma sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo 96, vilivyopangwa safu 8 kwa 12. Sahani ndogo za vishimo zilibuniwa na Gyula Takátsy nchini Hungary mwaka wa 1951. Tofauti na vipimo vingine, hapa taa ya mashine haitumiki. Kigunduzi hungojea gizani mwanga utakaotoka kishimoni.

Sahani ifaayo

Sahani nyeupe ndiyo inayofaa kwa sababu kuta zake huurudisha mwanga kwa kigunduzi. Sahani nyeusi huumeza mwingi, nayo ile inayopenya mwanga huuruhusu kuvuja hadi kishimo cha jirani. Hata katika sahani nyeupe, kishimo chenye mwanga mkali kinaweza kupandisha tarakimu za jirani yake. Kwa hivyo sampuli kali haziwekwi ubavuni mwa vishimo vya kulinganishia, ambavyo vina kila kitu isipokuwa sampuli.

Plastiki nyeupe pia huhifadhi mwanga wa taa au wa jua na kuendelea kung'aa kwa muda. Sahani iliyoachwa dirishani alasiri ya jua kali la Thika itasomeka kama yenye bakteria hali ni tupu. Inafaa ikae gizani ndani ya mashine kwa dakika tano hadi kumi kabla ya kusomwa.

Halijoto na wakati

Lusiferesi ya kimulimuli hufanya kazi vyema katika nyuzi 20 hadi 25 za sentigredi. Dawa iliyotolewa kwenye friji na kutumiwa papo hapo hutoa mwanga hafifu, kisha mwanga huo hupanda kadiri inavyopata joto. Dawa, sampuli na sahani ziachwe zifikie halijoto ya chumba kwanza.

Kuna dawa ambazo mwanga wake humulika mara moja na kufifia kwa sekunde chache, na nyingine ambazo mwanga wake hudumu kwa saa kadhaa. Zile za kwanza huhitaji mashine yenye sindano ya ndani inayoingiza dawa na kusoma hapo hapo. Ikiwa kila kishimo husomwa kwa sekunde moja, sahani nzima huchukua zaidi ya dakika moja na nusu, na kishimo cha mwisho kinaweza kuonekana hafifu kwa sababu tu kimechelewa kufikiwa. Njia rahisi ya kung'amua kasoro hii ni kuweka sampuli moja katika safu ya kwanza na ya mwisho, kisha kulinganisha.

Mazao ya eneo na hila zake

Maji ya mananasi, zao lililoipa Thika sifa, ni makali kwa asidi. Lusiferesi hupenda mazingira yanayokaribia pH 7.8, asidi ikizidi, mwanga hupungua na kugeuka mwekundu. Kahawa nayo ina rangi ya hudhurungi inayomeza mwanga kabla haujatoka. Maziwa yana mafuta yanayoutawanya, na zaidi ya hayo yana chembe za ng'ombe mwenyewe, ambazo pia zina ATP. Chembe hizo lazima zipasuliwe na ATP yake iharibiwe kwanza, la sivyo ng'ombe atahesabiwa kuwa bakteria.

Dawa ya matatizo ya asidi na rangi ni kuongeza kiasi kinachojulikana cha ATP katika sehemu ya sampuli. Iwapo mwanga utaongezeka kwa nusu tu ya ilivyotarajiwa, basi sampuli inaficha nusu nyingine, na hesabu irekebishwe au sampuli izimuliwe.

Vidole vya binadamu navyo vina ATP. Glavu safi na ncha mpya za pipeti ni za lazima, na sindano ya mashine ioshwe kabla na baada ya kazi.

Kusoma tarakimu

Mashine hutoa vipimo vya mwanga visivyo na kizio cha kudumu. Tarakimu 50,000 za mashine moja si lazima zilingane na 50,000 za nyingine, wala na za mashine iyo hiyo ikiwa kiwango cha ukuzaji kimebadilishwa. Kiwango hicho kisibadilishwe tangu sahani ya kwanza hadi ya mwisho, na kila sahani iwe na ATP ya vipimo vinavyojulikana.

ATP hiyo ikizimuliwa mara kumi kwa kila hatua, mwanga nao hauna budi kupungua takriban mara kumi. Usipopungua kule juu, kigunduzi kimelemewa. Usipopungua kule chini, kinachosomwa ni kelele za mashine. Kwa kawaida sampuli husemekana kuwa na ATP pale tu inapozidi wastani wa vishimo vya kulinganishia kwa mikengeuko wastani mitatu.

Kila sampuli iwekwe katika vishimo vitatu. Vikitofautiana sana, kipimo kirudiwe, hata kama wastani wake unapendeza. Bomba lililotangazwa safi kimakosa hupitisha maziwa ya siku nzima, na kosa hilo hugunduliwa baada ya maziwa kumfikia mnywaji.