Kikomo cha Mwendo Barabarani: Je, Chaokoa Roho?

Ukipanda matatu ya Mombasa kwenda Malindi utaliona jambo hili. Gari linalotoka mbele huwasha taa mara mbili, na dereva wenu hupunguza mwendo. Mnapita kwenye kizuizi cha polisi polepole kama mnaopeleka bibi harusi. Kizuizi kikisha kupitwa, mguu unarudi kwenye mafuta. Ndipo abiria husema sheria ya mwendo haina kazi ila kuwatilia askari mfukoni. Je, ni kweli?

Sheria yenyewe ni nyepesi. Nchini Kenya, ndani ya miji na vituo vya biashara kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Magari ya abiria na malori hayaruhusiwi kupita 80, hata barabara ikiwa tupu.

Nambari hizo zina hesabu yake. Kwa mwendo wa 50, gari hukata mita 14 kila sekunde. Kwa 80 hukata mita 22, na kwa 100 mita 28. Mtoto akivuka ghafla pale Mtwapa, yapita kama sekunde moja kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Isitoshe, mwendo ukiwa maradufu, kishindo cha kugonga huwa mara nne. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4.

Kwa hivyo kikomo chafaa. Kinachopwaya ni usimamizi. Mwaka 2004, waziri John Michuki alilazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo, mikanda na mstari wa manjano. Tuliokuwako twakumbuka nidhamu ya siku zile. Baadaye vifaa vikachezewa, mikanda ikakatika, na mazoea yakarudi. Mamlaka ya NTSA iliundwa mwaka 2012, lakini hadi leo zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka nchini.

Dereva haogopi ukubwa wa faini bali yakini ya kushikwa. Kizuizi kinachojulikana mahali pake, na kinachomalizwa kwa noti iliyokunjwa, hakimtishi mtu. Ndiyo maana tuta hufanya kazi vizuri karibu na shule: halilali wala halili hongo. Ila nalo lazima lipakwe rangi na kuwekewa alama, la sivyo usiku lenyewe huwa mtego.

Kuna msimamizi mwingine tunayemsahau, naye ni abiria. Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika karatasi ndani ya matatu za safari ndefu nchini Kenya, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza gari. Katika matatu hizo, madai ya bima ya ajali za kuumiza na kuua yalipungua kwa nusu au zaidi. Silaha ilikuwa ulimi tu.

Ajali ikitokea twasema ni kadari, na ajali zote hatuwezi kuzizuia. Lakini kadari si ruhusa ya kukanyaga mafuta hadi mwisho, wala ya sisi kunyamaza viti vya nyuma huku tukivuta uradi. Safari ijayo, mmoja wetu aanze: "Dereva, punguza, tuna watu majumbani." Wengine wataitikia.