Ardhioevu ya kutengenezwa

Ardhioevu ya kutengenezwa ni bwawa la kina kifupi lililojazwa kokoto na kupandwa mafunjo, matete au mimea mingine ya majini, ili kusafisha maji machafu kabla hayajafika mtoni au ziwani. Inaiga vinamasi vya asili, kama vile vya mafunjo vya mkoa wa Kagera. Kazi kubwa haifanywi na mimea bali na utando telezi wa bakteria unaoota juu ya kila kokoto na kwenye mizizi: ndio unaomeng'enya uchafu na kubadili naitrojeni kuwa gesi. Fosforasi hunaswa na kokoto na tope, lakini nafasi hiyo hujaa baada ya muda. Kokoto zikiziba, maji hupita juu bila kusafishwa. Kwa hiyo taka ngumu lazima zituamishwe kwanza. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeitafiti kwa miaka mingi, na Moshi inaitumia kwa majitaka. Bukoba, ambako mto Kanoni hukatiza mjini na kuingia Ziwa Viktoria, na wilaya ya Muleba iliyo kandokando ya ziwa hilo, zinaihitaji hasa, kwani naitrojeni na fosforasi hustawisha magugumaji.