Nusu ya kitunguu iliyopotea Arizona

Januari 2007, kwenye mji mdogo wa San Manuel, jimbo la Arizona, Marekani, mabomba mawili ya moshi ya kiwanda cha kuyeyushia shaba yaliangushwa kwa baruti. Kila moja lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 150. Siku hizo tani moja ya shaba kwenye soko la dunia ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dola 5,000, na miezi michache nyuma ilishapita 8,000. Sasa jiulize mwenyewe: nani anabomoa kiwanda cha shaba wakati shaba inalipa kuliko wakati wowote anaoukumbuka?

Swali hilo lilinikaa kichwani nikalifuata, nikajikuta nasoma habari za miamba usiku kucha. Mimi si mtu wa miamba, chuo nilisomea mambo mengine kabisa. Lakini hadithi ya mgodi huu ni ya kipelelezi, na mwisho wake unauma.

Kwanza tuelewane kuhusu shaba yenyewe. Sisi wa huku tukisikia shaba tunafikiria Zambia na Katanga, jimbo ambalo Mobutu alilibadilisha jina likaitwa hivyo hivyo, Shaba, hadi 1997. Shaba ya kule imelala kwenye tabaka za mawe yaliyotokana na mchanga na matope ya kale. Ya Arizona ni ya aina nyingine, inaitwa shaba ya porfiri, na zaidi ya nusu ya shaba inayochimbwa duniani inatoka kwenye aina hii. Inatokea hivi: uji wa moto wa miamba unapanda kutoka chini, unakwama kilomita chache kabla ya kufika juu, unaanza kuganda. Ukiganda, maji yaliyokuwemo ndani yake yanajitenga yakiwa na joto kali na madini tele. Yanapasua mwamba vipande vipande, yanapenya kwenye kila ufa, yakipoa yanaacha shaba humo. Huko San Manuel kazi hiyo ilifanyika miaka milioni karibu 70 iliyopita.

Usitegemee kuona mshipa unaong'aa. Tani moja ya jiwe la San Manuel ilikuwa na kilo kama 7 tu za shaba. Faida inatokana na wingi wa mawe, sio utajiri wa jiwe moja moja.

Maji yale ya moto hayaachi shaba peke yake, yanaupika na mwamba wenyewe, na unavyopikwa inategemea uko mbali kiasi gani na moto. Katikati kunakuwa na madini ya potasiamu, yakifuatiwa na mwamba uliopauka wenye pairiti nyingi, na nje kabisa mwamba wa kijani. Ni maganda, kama kitunguu. Shaba nzuri haipo kwenye kiini, inakaa kwenye ganda linalokizunguka.

San Manuel ilianza kuchorongwa na serikali ya Marekani mwaka 1943, wakati wa vita, risasi zikihitaji shaba. Kampuni ya Magma Copper ikauchukua mradi, na baada ya vita vya Korea kuanza serikali ikatoa mkopo mkubwa ili uchimbaji uanze. Mji ukajengwa kutoka sifuri kwa ajili ya wafanyakazi. Mwaka 1953 mtaalamu wa serikali, George Schwartz, akachapisha maelezo marefu ya namna miamba ya pale ilivyobadilika. Yeyote aliyetaka aliweza kuyasoma.

Akatokea kijana wa Arizona, David Lowell, mzaliwa wa Nogales mpakani na Mexico. Mwaka 1965 alikuwa mshauri wa kampuni iitwayo Quintana. Aliyatazama maganda ya San Manuel akaona kitu ambacho naona kilikuwa wazi mno hadi watu wakakiruka: maganda hayakuzunguka. Yalikuwa nusu. Kiini upande mmoja, kisha shaba, kisha pairiti, halafu unafika kwenye ufa mkubwa wa ardhi na kila kitu kinakatika, kama vile umepitisha kisu.

Kitunguu kikikatwa, nusu ya pili haiyeyuki. Ipo mahali. Lowell akapiga hesabu ya namna ardhi ilivyoteleza kwenye ule ufa, akasema kipande cha juu kilishuka kuelekea kusini magharibi kiasi cha kilomita mbili na nusu, na sasa kimefukiwa chini ya mamia ya mita za mawe yasiyo na chochote. Kule juu hakuna dalili hata moja. Quintana wakachoronga. Shaba ilikuwepo, na maganda yake yalikuwa yamekaa kinyume na yale ya San Manuel, ubavu kwa ubavu vingeungana. Wakaiita Kalamazoo. Mwaka 1968 Magma, jirani aliyelala juu ya nusu ya kwanza miaka yote hiyo, akalazimika kuinunua nusu ya pili kutoka kwa wageni.

Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia Lowell. Hakuwa na mashine ya ajabu. Alisoma kilichosomwa na wengine.

Mwaka 1970 yeye na John Guilbert wakachapisha makala iliyolinganisha kitunguu cha San Manuel na Kalamazoo na maeneo mengine 27 ya porfiri. Ikawa ramani ya kila mtafuta shaba: ukiokota jiwe la kijani jangwani, unajua uko ganda la ngapi na uelekee wapi. Lowell mwenyewe akaipeleka Chile, jangwa la Atacama, na mwaka 1981 timu yake ikagundua shaba iliyofichwa chini ya ardhi iliyolowekwa na kusafishwa madini yake na maji ya mvua za kale. Mahali hapo panaitwa La Escondida, yaani iliyojificha. Leo ni mgodi unaotoa shaba nyingi kuliko wowote duniani.

Unaona inapoelekea? Escondida ulianza kuuza mwishoni mwa 1990, migodi mingine ya Chile ikafuata. BHP ya Australia, ambayo ndiyo inayouendesha Escondida, mwaka 1996 ikainunua na Magma kwa dola bilioni 2.4. Mwaka uliofuata uchumi wa Asia ukaanguka, na shaba ikazagaa sokoni bila wanunuzi. Mapema 1999 tani ilishuka chini ya dola 1,500. San Manuel, mgodi wa chini ya ardhi, wenye gharama, ulikuwa unachimba sehemu za chini za Kalamazoo, ile ile nusu ya Lowell. Haukuweza kushindana. BHP ikasimamisha kazi, na shughuli zake za shaba Marekani zikapunguza zaidi ya watu 2,000.

Sisemi Lowell ndiye aliyeua mgodi, bei ya dunia ina mikono mingi. Ila ramani iliyozaliwa San Manuel ndiyo iliyompata mpinzani wa San Manuel, na wote wawili wakawa na mwajiri mmoja, aliyeamua nani abaki.

Lowell alifariki mwaka 2020. San Manuel ulishafungwa moja kwa moja mwaka 2003, kabla bei haijapanda. Pampu zilizimwa, na maji yakajaa kwenye mashimo pamoja na shaba iliyobaki humo.