Likizo Unguja: Kupwa na kujaa kwa maji ndiko kunakopanga ratiba

Kisiwa cha Unguja kipo mwendo wa takriban saa mbili kwa boti ziendazo kasi kutoka bandari ya Dar es Salaam, au dakika 20 hivi kwa ndege. Ukaribu huo umekifanya kuwa kimbilio la wakazi wengi wa mijini wanaotafuta mapumziko ya siku chache, hasa nyakati za sikukuu na likizo za shule.

Wengi wao huchagua mahali pa kufikia kwa kuangalia bei ya chumba na picha za ufukwe. Picha hizo, hata hivyo, huficha jambo moja kubwa. Ufukwe uliojaa maji ya samawati asubuhi unaweza kugeuka, saa sita baadaye, kuwa uwanda wa mchanga na miamba ambao mtu hulazimika kuutembea kwa zaidi ya kilomita moja ili ayafikie maji. Asiyelijua hilo hulipia bahari ambayo hataiogelea, na wakati mwingine huhatarisha maisha yake.

Makala haya yanaeleza wapi pa kuogelea, pa kutembea na pa kula kisiwani humo, na namna ya kuipanga likizo kwa kufuata saa za maji, kama wafanyavyo wavuvi na wakulima wa mwani.

Bamvua na maji mafu

Bahari inayoizunguka Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 25. Kwa sababu hiyo, saa ya kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Maji yakijaa saa 4:00 asubuhi leo, kesho yatajaa karibu na saa 5:00.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja na kuleta bamvua. Katika siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kufikia takriban mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo hupingana na kuleta maji mafu, ambapo tofauti hupungua sana.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana njia rahisi ya kukadiria. Bamvua huja karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi na hufika kilele siku moja au mbili baadaye, ilhali maji mafu huja karibu na tarehe 8 na 22. Siku za bamvua maji hupwa kabisa takriban kati ya saa 4:00 na saa 5:00 asubuhi, kisha hujaa alasiri kuelekea saa 10:00 au 11:00. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kabla ya adhuhuri na kupwa alasiri. Saa kamili za kila siku hupatikana katika majedwali ya bahari, na hoteli nyingi za pwani huzibandika mapokezi.

Kaskazini: Kuogelea mchana kutwa

Kwa familia inayotaka kuogelea bila kuangalia saa, fukwe za Nungwi na Kendwa, takriban kilomita 60 kaskazini mwa mji, ndizo zinazofaa zaidi. Kina cha bahari upande huo huanza karibu na nchi kavu, hivyo hata maji yanapokupwa mtu huweza kuogelea bila kutembea mbali. Kendwa hutazama magharibi, na jua huonekana likizama baharini.

Nungwi ni pia kijiji cha mafundi wa vyombo vya baharini. Majahazi na ngalawa bado huundwa ufukweni kwa zana za mkono, na mgeni anaweza kuwatazama mafundi wakiwa kazini, ilimradi aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Eneo la Mnarani lina bwawa la asili ambamo kasa hutunzwa.

Udhaifu wa upande huo ni msongamano. Hoteli ni nyingi, bei huwa juu na muziki hupigwa hadi usiku wa manane. Anayetafuta utulivu ni vyema atazame upande mwingine wa kisiwa.

Mashariki: Ufukwe ambao pia ni shamba

Kuanzia Matemwe, Kiwengwa na Pongwe hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, pwani ya mashariki imekingwa na ukuta wa matumbawe ulio mbali na ufukwe. Kati ya ukuta huo na nchi kavu kuna maji yasiyo na kina kirefu, na maji hayo huondoka yanapokupwa.

Mgeni mwenye taarifa hufaidi nyakati zote mbili. Maji yakijaa, huogelea katika bahari tulivu isiyo na mawimbi makubwa. Yakipwa, hutembea juu ya mchanga akitazama samaki wadogo, kaa na viumbe wengine waliosalia katika vidimbwi. Viatu vya mpira au plastiki ni vya lazima, kwani miambani wamo viumbe weusi wenye miiba mirefu, ambayo huvunjikia ndani ya mguu na kuuma kwa siku kadhaa.

Ni wakati huohuo wa maji kupwa ambapo wanawake wa vijiji hivyo huingia kazini. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na Paje na Jambiani ni miongoni mwa vijiji vilivyotangulia. Vigingi hupigwa mchangani, kamba hufungwa kati yake na vipande vya mwani hupachikwa kwenye kamba hizo. Baada ya wiki kadhaa huvunwa, hukaushwa na kuuzwa nje, ambako hutumika katika utengenezaji wa vyakula, dawa ya meno na vipodozi.

Kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi kadiri bahari inavyopata joto. Aina ya mwani yenye bei nzuri haistahimili joto hilo, na wakulima wengi wamebaki na aina yenye bei ndogo. Kwa mkulima wa namna hiyo, kamba moja iliyokanyagwa na mgeni anayepiga picha ni hasara halisi. Apitaye ufukweni hana budi kuzunguka mashamba hayo badala ya kukatisha katikati yake. Anayetaka kuwaunga mkono anaweza kununua sabuni za mwani, ambazo hutengenezwa na kuuzwa Paje.

Paje pia ni makao ya mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa. Mchezo huo hutegemea pepo za msimu: kaskazi, ambayo huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, ambayo huvuma kwa nguvu kuanzia Juni hadi Septemba. Anayetaka kuogelea tu ni bora aepuke eneo la wachezaji hao.

Matumbawe na visiwa vidogo

Mbele ya Mji Mkongwe kipo Changuu, kisiwa ambacho wengi hukiita Kisiwa cha Magereza. Gereza lilijengwa humo katika miaka ya 1890, lakini eneo hilo likaishia kutumika kuwatenga wagonjwa na wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi. Leo wageni huenda kuwatazama kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli.

Karibu na hapo lipo fungu la mchanga la Nakupenda. Hapa saa ya maji ni muhimu kuliko popote, kwa kuwa bahari inapojaa fungu hilo humezwa. Kabla ya kulipa nauli, mgeni amuulize nahodha ni saa ngapi fungu litakuwa wazi na kwa muda gani.

Kusini zaidi kipo Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na matumbawe yaliyohifadhiwa kisheria tangu mwaka 1994. Wageni hupokelewa kwa idadi maalumu na kwa kuweka nafasi mapema. Kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwi. Wageni huogelea juujuu kwa miwani na bomba la kupumulia.

Kaskazini mashariki ni Mnemba. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, na mgeni wa kutwa hateremki humo, lakini bahari inayokizunguka hutembelewa kwa kulipia ada ya hifadhi. Asubuhi na mapema huwa na boti chache.

Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, hujulikana kwa pomboo. Upo pia msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, ambao ni miongoni mwa misikiti mikongwe katika pwani ya Afrika Mashariki. Tatizo la Kizimkazi ni boti zinazowafukuza pomboo na kuwazingira, hali inayowanyima mapumziko na nafasi ya kunyonyesha watoto wao. Mteja ndiye mwenye sauti: amweleze nahodha mapema kwamba hataki pomboo wakimbizwe.

Mji Mkongwe na msitu wa Jozani

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, liliporomoka kwa sehemu Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, hivyo ni vyema kuulizia hali yake kabla ya kwenda. Mkunazini lipo kanisa kuu la Anglikana, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873.

Siku ambayo maji yanakupwa mchana ndiyo siku ya kwenda Jozani, takriban kilomita 35 kutoka mjini. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ni makazi ya kima punju, mnyama ambaye hapatikani porini popote duniani nje ya Zanzibar. Ipo njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Maji yakijaa, mikoko husimama ndani ya bahari. Yakipwa, mizizi na kaa huonekana wazi.

Wapi pa kula

Bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, hugeuka kuwa jiko la wazi baada ya jua kuzama. Hapo hupatikana mishkaki, pweza, ngisi, mihogo, juisi ya miwa iliyotiwa ndimu na tangawizi, pamoja na ile iitwayo pizza ya Zanzibar: unga uliotandazwa mwembamba kama chapati, ukafungiwa nyama ya kusaga, yai na kitunguu na kukaangwa kwenye chuma. Kanuni za Forodhani ni mbili. Mteja aulize bei kabla ya kuagiza, na achague samaki wanaochomwa mbele yake badala ya waliokwisha kupikwa na kuachwa mezani.

Chakula kinachoutambulisha mji zaidi ni urojo. Ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano wenye uchachu wa embe bichi au ndimu, unaotiwa viazi, bhajia, kachori, mishkaki, chatini ya nazi na chipsi za mihogo. Wenyeji huula alasiri, na bakuli moja humtosha mtu mzima hadi usiku.

Kwa mlo wa mchana, mkahawa wa Lukmaan, Mkunazini, hupika pilau, biriani, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kahawa chungu na kashata huuzwa barazani, na maarufu zaidi ni baraza ya Jaws Corner, penye mazungumzo ya siasa na mpira.

Pwani ya mashariki, migahawa midogo ya vijijini hupika pweza wa nazi kwa bei iliyo nafuu kuliko ya hotelini, lakini mteja huagiza mapema. Michamvi Pingwe upo mkahawa uitwao The Rock, uliojengwa juu ya jiwe baharini. Maji yakipwa wateja huufikia kwa miguu. Yakijaa, huvushwa kwa mashua. Bei zake ni za kitalii, na nafasi huwekwa mapema.

Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana. Mgeni asiyefunga hula hotelini na huepuka kula au kunywa hadharani. Nje ya ufukwe, mavazi ya kuogelea hayafai vijijini wala mjini wakati wowote wa mwaka.

Usalama majini

Sehemu kubwa ya fukwe za Unguja haina waokoaji. Hatari kubwa upande wa mashariki ni milango ya mwamba, yaani nafasi zilizo wazi katika ukuta wa matumbawe. Maji yanapoanza kupwa hutoka kwa kasi kupitia hapo na huweza kumchukua hata muogeleaji hodari. Aliyekwenda mbali kwa miguu naye ageuke mara maji yanapoanza kujaa, kwani hujaza kwanza mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yake.

Kuhusu vyombo, historia ya karibuni inatosha kuwa funzo. MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na MV Skagit ilizama Julai 2012 karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka. Mamia ya watu walipoteza maisha. Boti isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, au iliyojaza kupita kiasi, haifai kupandwa hata kama nauli imekwisha kulipwa.

Ratiba ya siku tatu

Kwa anayefika siku za bamvua, asubuhi iwe ya Mji Mkongwe, Jozani au matembezi katika vidimbwi vya Jambiani, na alasiri iwe ya kuogelea. Kwa anayefika siku za maji mafu, aanze na bahari asubuhi, kisha atembee mjini alasiri na kumalizia Forodhani usiku. Mwenye watoto wadogo wanaotaka maji saa zote achukue chumba Nungwi au Kendwa, na awapeleke mashariki kwa siku moja.

Kabla ya kulipia chumba popote kisiwani, swali la kwanza kwa mwenye hoteli liwe hili: tarehe hizo maji yatajaa saa ngapi?