Usaha wa Tumboni na Hukumu ya Kisu

Tangu antibiotiki zilipoenea, imejengeka katika fikira za watu wengi, na baadhi ya matabibu hawakusalimika, itikadi kwamba maambukizi ya ndani ya tumbo ni shauri la dawa, na kwamba mgonjwa akipewa dawa kali kwa siku nyingi hapana budi atapona. Makala haya yanakanusha itikadi hiyo: mwenye kauli ya mwisho ni yule azibaye tundu, akataye kilichooza au atoaye usaha, na dawa, pamoja na fadhila zake zote, ni msaidizi wake.

Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alipasuliwa na Frederick Treves tarehe 24 Juni 1902, siku mbili kabla ya siku iliyowekwa ya kutawazwa kwake, kwa sababu ya jipu lililotokana na kidole tumbo. Antibiotiki hazikuwapo, usaha ulitolewa, kidole tumbo chenyewe kikaachwa mahali pake, na tarehe 9 Agosti mfalme akavikwa taji. Sababu yafahamika: dawa huchukuliwa na damu, na damu haiingii katikati ya jipu, na madhali utumbo uliotoboka ungali unavuja, kila kijidudu kifacho hupata wa kushika nafasi yake.

Maradhi yanayodhihirisha jambo hili katika nchi zetu ni homa ya matumbo, ambayo vijidudu vyake hukaa katika tezi za mwisho wa utumbo mwembamba, na aghalabu katika juma la tatu huutoboa. Mgonjwa huyo amekwisha kudhoofika, hata pengine maumivu mapya hayatofautiki na ya zamani, ndipo mkono wa tabibu unaposhinda mitambo mingi. Mwenye msokoto wa tumbo hugaragara, lakini huyu hulala kimya, magoti ameyakunja, akichelea hata kukohoa. Tabibu huanza kumgusa mbali na penye maumivu, na akilikuta tumbo limekakamaa kama ubao, na sauti za matumbo zimenyamaza, basi ushahidi umetimia. Wazee wa fani walikataza kumtuliza mgonjwa maumivu kabla ya uchunguzi, wakihofu dalili zisifichike. Katazo hilo limebatilishwa na utafiti, nami naona liliwatesa watu bure. Picha ya eksirei iliyopigwa mgonjwa akiwa wima huweza kuonyesha hewa chini ya kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo, ila kukosekana kwa hewa hiyo si dalili ya salama.

Kisu nacho hakitangulii peke yake. Mgonjwa huongezwa maji kwa mshipa na kuanzishiwa dawa mara moja, na kwa kuwa vijidudu vya matumbo ni mchanganyiko, vingine vikiishi pasipo hewa, seftriaksoni aghalabu huambatanishwa na metronidazoli. Lakini chanzo kikishaondolewa, kuirefusha dawa hakuna tija: utafiti wa wagonjwa 518 wa Marekani na Kanada, uliotangazwa mwaka 2015, uliona kwamba siku 4 hivi za dawa hazikuwa na matokeo mabaya kuliko siku 8.

Atasema mpinzani kwamba kidole tumbo siku hizi hutibiwa bila kupasuliwa. Ni kweli, utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulithibitisha kwamba yawezekana, ingawa takriban watu 3 katika kila 10 waliotibiwa kwa dawa walipasuliwa kabla ya siku 90 kutimia. Hata hivyo, wale ambao maambukizi yalikwisha kuenea tumboni kote hawakuingizwa katika utafiti huo, na kuwapimia hao kwa kipimo hicho ni hatari.

Kwa hiyo mganga wa zahanati, akutanapo na homa ya siku nyingi na tumbo lililokakamaa, asimrudishe mgonjwa nyumbani na vidonge. Amtundikie maji, ampe dozi ya kwanza, na ampeleke siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji.