Shaba Mbili za Igbo-Ukwu

Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika mji wa Igbo-Ukwu, kusini-mashariki mwa Nigeria, Isaiah Anozie alikuwa akichimba birika la maji uani kwake. Chini ya udongo akakuta vyombo vya shaba vyenye nakshi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Vingine vikaenda kwa majirani, vingi vikanunuliwa na afisa wa kikoloni. Mwanaakiolojia Thurstan Shaw alifika kuchimba mwaka 1959, akarudi tena mwaka 1964. Vipimo vya kaboni vikaelekeza kwenye karne ya 9.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Baadhi ya wataalamu waliona tarehe hiyo ni ya mapema mno. Kazi safi namna hii msituni, miaka elfu moja na zaidi iliyopita? Shaba ilitoka wapi? Nani aliwafundisha?

Jibu moja limo ndani ya shaba yenyewe. Vilipopimwa, vyombo vya Igbo-Ukwu vilionekana kuwa vya aina mbili. Vilivyosubiwa, yaani vilivyomiminwa kwenye kalibu, ni vya bronzi: shaba iliyochanganywa na bati pamoja na risasi. Vilivyofuliwa kwa nyundo, kama minyororo na vishikio vilivyosokotwa, ni vya shaba karibu tupu.

Yeyote anayeyeyusha vipande vya nyaya na mabomba katika karakana ya nyumbani ataelewa uzito wa jambo hilo. Shaba tupu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085 za Selsiasi. Ukiimimina hutiririka kwa uzito, hunasa hewa, na mara nyingi huganda ikiwa na vitundu. Ongeza bati, sehemu moja kwa kila kumi, na inakuwa maji kwenye nyuzijoto 1,000 hivi. Ongeza na risasi, nayo inapenya hata kwenye mikunjo myembamba ya kalibu. Ndiyo maana fundi wa Igbo-Ukwu aliweza kutengeneza kombe la konokono lililojaa nakshi nyembamba kama uzi, na wadudu wametua juu yake.

Lakini bronzi hiyo ukiigonga kwa nyundo, itakuaibisha. Risasi haichanganyiki kabisa na shaba. Hubaki ndani yake kama matone madogo, na nyufa huanzia hapo. Shaba tupu ni kinyume chake. Inakubali nyundo, ila kila pigo huzidi kuifanya ngumu, na ukiendelea bila kuipumzisha itapasuka. Dawa yake ni kuirudisha motoni hadi iwe nyekundu kwa mbali. Chembe zake hujipanga upya, nayo hulainika tena. Hata ukiizamisha kwenye maji ingali moto haitakuwa ngumu, tofauti na chuma cha pua. Gonga, choma, gonga, choma: hivyo ndivyo fimbo ya shaba inavyoweza kusokotwa kama kamba.

Fundi aliyechagua metali moja kwa kalibu na nyingine kwa nyundo alikuwa na maarifa ya vizazi. Lipo na jambo lingine. Chungu mashuhuri kilichozungushiwa wavu wa kamba, vyote vya bronzi, kilisubiwa kwa vipande, kisha vikaunganishwa kwa kumiminia bronzi nyingine. Mafundi hawa hawakuonyesha dalili ya kutumia lehemu wala ribiti, mbinu za kawaida kwa wafua shaba wa kaskazini mwa Sahara na wa Ulaya. Mwanafunzi wa mgeni angejifunza kwanza njia hizo, maana ndizo rahisi.

Kuhusu chimbuko la shaba, uchunguzi wa risasi iliyomo ndani yake, uliochapishwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba sehemu kubwa inalingana na madini ya bonde la Benue, ndani ya Nigeria yenyewe.

Leo vyombo hivi vimehifadhiwa Nigeria na katika Makumbusho ya Uingereza, London. Wageni husimama mbele ya vile vya kusubiwa, na ni haki yao, vinapendeza. Mnyororo wa shaba hauvuti macho kiasi hicho. Hata hivyo, ukiuweka mnyororo huo kando ya chungu, ndipo unapoona kwamba fundi alijua moto wa kuyeyusha na moto wa kulainisha, na hakuwahi kuuchanganya mmoja na mwingine.