Picha za Barabara ya Lunga Lunga

Ukishavuka feri ya Likoni na kuishika barabara ya Lunga Lunga, simu hairudi mfukoni. Ukunda peke yake inajaza nafasi yote: vibango vya waganga vimepigiliwa kwenye nguzo, kila mmoja anarudisha mpenzi aliyepotea na kesi mahakamani anaimaliza. Mwenzangu alikuwa anaendesha, mimi kazi yangu ni kupiga kelele, "Simama, simama hapo!"

Diani, picha iliyopendwa na wote nyumbani ni ya ngazi iliyolazwa hewani, juu ya barabara ya ufukweni. Si ya watu. Ni ya mbega. Shirika linalowahifadhi wanyama hao, lililoanzishwa 1997, lilitundika ngazi hizo kati ya miti kwa sababu mbega walikuwa wakigongwa na magari, na wengine wakichomwa na nyaya za umeme. Msitu ulikatwa ili hoteli zijengwe, nyani akabaki na lami katikati ya chakula chake. Yaani, mahali penye watalii wengi hivyo, mimi nilisimama nikitazama juu.

Gazi watu wengi hupita tu. Makosa hayo. Hapa ndipo alipokuwa na ngome yake Sheikh Mbaruk bin Rashid, wa ukoo wa Mazrui, waliotawala Mombasa hadi Seyyid Said alipowang'oa 1837. Mbaruk hakukubali yaishe. Alimsumbua Sultani wa Zanzibar kwa miaka, halafu 1895, ugomvi wa nani arithi Takaungu ulipowaka, akawageukia Waingereza. Walilazimika kuleta askari kutoka India. 1896 akavuka mpaka kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam 1910. Nyumba kuu ya mtu aliyewatoa jasho watu wa himaya mbili, na wanaopita nayo ni mbuzi na watoto wa chuoni. Nilipiga picha kumi na moja, hakuna iliyoonyesha hayo.

Baada ya Msambweni mashamba ya miwa yanaanza. Ramisi palikuwa na kiwanda cha sukari hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 kilipokufa, na kiwanda kingine kikaja baada ya zaidi ya miaka 20. Lakini mimi nilitaka kufika Makongeni. Sikia jina lenyewe: makonge, katani. Wakati wa ukoloni, Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kukata katani na miwa, na wengine walikuja baadaye wakikimbia vita. Mashamba yakafa, wao wakabaki. Wakazaa, wakajukuu, wakachonga mpingo ambao mtalii wa Diani anaununua bila kuuliza jina la mchongaji.

Na hawakuwa na kitambulisho. Wewe unayesoma hapa umezoea kukitoa getini bila kufikiri. Bila kile kikadi husajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti benki, hupigi kura, kazi ya kuajiriwa unaisikia tu. Ukikutana na polisi njiani, huna la kumwonyesha. Miaka zaidi ya hamsini ya uhuru ilipita hivyo.

Oktoba 2016, mamia yao, wazee kwa akina mama, waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais. Walizuiwa njiani, wakaendelea. Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza waandikishwe kabla mwaka haujaisha, na mapema 2017 Wamakonde wakawa kabila la 43 la Kenya.

Makongeni nilimkuta mama mmoja kando ya njia, anauza mihogo ya kukaanga, chupa ya pilipili imefungwa mtini kwa kamba. Kichekesho kizuri cha picha, nikafikiri.

"Shikamoo mama. Naomba nipige picha chupa yako."

"Marahaba mwanangu. Chupa tu? Mimi je?"

Nikampiga yeye, na chupa pembeni. Akaitisha simu, akajitazama sana, akaniambia ya kitambulisho ilikuwa mbaya kuliko hii.

Wapemba, wavuvi wa huko mbele Shimoni na Vanga, walisubiri hadi 2023. Tulifika Shimoni jua limeshazama.